Mfuko wa Kushoto

Walikuja kuchukua mfuko wa ndugu yangu kabla hatujaanza kumwosha.

Ainea alikata roho siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi. Yunisi, mkewe, alimtuma jirani kuja kuniita, nami nilikuwa bado njiani gari jeupe la Mpango liliponipita likitimua vumbi. Nilipofika nyumbani kwao lilikuwa limekwisha kugeuzwa na kuelekezwa barabarani. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na ndani nikaona sanduku la barafu.

Niliuliza nani amewaita. Yunisi akasema si yeye. Jirani akasema si yeye. Lameki, kaka yake Yunisi, alikuwa amesimama kizingitini na mpini wa jembe mkononi, akimzuia tabibu asiingie.

“Nani kakuambia kuna maiti hapa?”

“Tumepata taarifa,” tabibu akajibu.

“Taarifa gani? Hata mchungaji hajaambiwa. Au nyie mna pua za fisi?”

Tabibu huyo aliitwa Ambakisye. Alikuwa kijana mwembamba kutoka Tukuyu, na alikuwa na miezi minane tu hapa Mlangwa. Alifungua faili, akaonyesha karatasi.

“Mfuko ni mali ya Mpango, mzee wangu. Marehemu alitia sahihi mwenyewe. Akifariki, mfuko unarudi.”

“Basi chukua hiyo sahihi uondoke nayo,” Lameki akasema. “Shemeji yangu atazikwa na kila alichokufa nacho. Sisi hatuziki mtu nusu.”

Watu waliokuwa uani waliguna. Nilimtazama tabibu. Alikuwa amekwisha kuikunja karatasi kabla mtu hajaisoma, nami nikajiambia: huyu anaficha kitu. Mtu anayefuata mali yake halali hana haraka namna ile.

*

Wakati huo watu wa Mlangwa walikuwa wamekula nyasi kwa miaka sita.

Mvua zilipokata mwaka wa tatu mfululizo, mtama ukaungua mashambani na ng'ombe wakaanza kulala wasiamke, Mpango wa serikali ulikuja na mahema yake. Walichukua chembe hai za mbuzi na za mtu mwenyewe, wakaotesha mfuko, wakaushona chini ya umio, upande wa kushoto, pale ambapo kwa ng'ombe ungekuta tumbo kubwa la kwanza. Ndani yake wakapanda vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo kazi yake ni kuvunja majani. Mtu alitoka hemani baada ya siku kumi, na baada ya mwezi alikuwa anakula mabua, majani ya mgunga na nyasi kavu za mabondeni, na uzito wake unapanda. Ubavuni alikuwa na kifuniko cha mpira, ukubwa wa kisahani cha chai, ili matabibu waweze kuingiza mkono na kuangalia hali.

Walitaniwa sana mwanzoni. Waliitwa mbuzi wa serikali. Lakini waliotania walikufa njaa au wakaenda kujiandikisha wenyewe, na utani ukaisha. Kila alasiri ungewakuta wameketi vivulini makundi makundi, mataya yanasogea taratibu, wanacheua. Hawakuzungumza wakati wa kucheua. Ukipita hapo unasikia wanabeua tu, huyu na yule, kama vyura.

Mimi sikupewa mfuko. Nilipimwa mara mbili, wakasema moyo wangu hautastahimili upasuaji. Nilibaki na tumbo moja na posho yangu ya maharage, kwa kuwa nilikuwa mkaguzi wa nyama wa machinjio ya kata. Kazi hiyo niliifanya miaka kumi na tisa, hadi ng'ombe walipokwisha. Elimu yangu ni ya kidato cha nne. Kidato cha tatu mwalimu alituchorea ubaoni sungura, kuku na ng'ombe, akasema kila mnyama mwenye uti wa mgongo ni bomba moja refu, mdomo huku na mkundu kule, na tofauti iko kwenye vyumba vya katikati tu. Kuku ana firigisi kwa sababu hana meno. Sungura huchachusha majani mwishoni mwa bomba. Ng'ombe huchachusha mwanzoni. Ainea tulikaa naye dawati moja, ingawa nilimzidi mwaka, na alicheka sana aliposikia kwamba hata mchungaji wetu ni bomba.

Ndiyo sababu, ugomvi ulipochacha pale mlangoni, Lameki alinigeukia mimi.

“Dada Damari, wewe umefungua matumbo mangapi?”

“Sijayahesabu, shemeji.”

“Basi fungua hili. Mfuko usitoke, maiti isikatwe. Wewe ingiza mkono hapo kwenye kifuniko, utuambie kilichomuua. Huyu kijana akisimamia, na mimi nikisimamia. Ukisema ni wao, tunajua la kufanya.”

Tabibu akafungua mdomo kukataa. Kisha akautazama ua. Wanaume walikuwa wameanza kusogea kati yake na gari.

“Sawa,” akasema. “Lakini tufanye haraka, mama. Kwenye joto hili kila dakika inabadilisha mambo.”

Hilo la haraka nalo sikulipenda.

*

Walimlaza Ainea kwenye meza ya chumba cha nyuma, wakamfunika shuka hadi kifuani na kuacha ubavu wa kushoto wazi. Tumbo lilikuwa limejaa lakini halikuwa limekaza. Nililigonga kwa kidole kama nilivyokuwa nikiwagonga ng'ombe. Mnyama aliyekufa kwa gesi hulia kama ngoma. Ainea hakulia. Alitoa sauti ya ndoo yenye maji.

“Yunisi alisema alikuwaje?” tabibu akaniuliza kwa sauti ya chini.

“Kama mlevi. Tangu jana asubuhi. Alikuwa akiyumba, hataki kula, hacheui. Kisha akaharisha mpaka macho yakadidimia.”

“Na hamkumleta kwetu.”

“Yunisi alidhani amekunywa. Alimwonea haya.”

Hata mimi nilikuwa nimemtilia shaka Yunisi kwa hilo. Mtu anaumwa tangu jana, na mke anamficha ndani? Nilikuwa nikimwaza kila mtu vibaya asubuhi ile. Nilimwaza Yunisi, nikamwaza jirani, nikamwaza kijana huyu aliyekuwa akinifungia aproni mgongoni kwa adabu zote.

Lameki alisimama mlangoni, ametupa mgongo.

“Shemeji, unatakiwa kutazama,” nikamwambia.

“Nasikiliza. Kutazama nitacheua, na leo si siku ya kucheua.”

Nilifungua kifuniko.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Tumbo la mnyama mzima lina harufu ya majani yaliyolala, nzito, lakini si mbaya kwa aliyezoea. Hii ilikuwa kali na chachu, ikakamata pua kama pombe iliyopitiliza siku. Nilisimama kidogo. Tabibu naye alinusa, akanitazama, akainamisha macho.

Niliingiza mkono hadi kiwikoni. Maji yalikuwa mengi mno. Kwa kawaida ndani ya chumba kikubwa majani hulala juu kama godoro, na maji huwa chini yake. Hapa godoro lilikuwa limezama. Nilipapasa ukuta. Ukuta wa mfuko mzima una vinyweleo vingi kama taulo, na ndivyo vinavyonyonya chakula kuingia kwenye damu. Niliposugua kidogo tu, taulo likabanduka likabaki vidoleni mwangu. Ni kweli ngozi hiyo hubanduka yenyewe saa chache baada ya kifo. Lakini nilipoutoa mkono na kuangalia chini yake kwa tochi ya tabibu, nyama ilikuwa nyekundu kama iliyomwagiwa maji ya moto. Wekundu ule hauji baada ya kufa. Huo ni wa mtu aliyeungua akiwa hai.

“Asidi,” nikasema.

“Ndiyo, mama.”

“Mmemwekea nini humu?”

“Hatujamwekea kitu.”

“Kuna kitu. Sogeza tochi.”

Nilirudisha mkono, nikausukuma mbele, kuelekea kwenye moyo. Pale pana chumba kidogo chenye kuta za pembe sita, ambacho sisi wa machinjioni tulikiita sega. Kitu chochote kizito anachomeza ng'ombe hutua pale na hakitoki tena. Nimetoa humo misumari, waya, na mara moja pete ya ndoa. Ndiyo maana kwenye kila tumbo nilipapasa sega. Vidole vyangu vikagusa kitu laini, baridi, kizito kuliko ukubwa wake. Nikakivuta. Ilikuwa gololi nyeupe, kubwa kama yai la kanga, na upande mmoja ina taa ndogo iliyokuwa ikiwaka na kuzimika.

Lameki alikuwa bado ametupa mgongo. Tabibu akaweka mkono wake juu ya wangu, si kuninyang'anya, kunisihi.

“Hii ndiyo iliyowaita?” nikamnong'oneza.

“Ndiyo. Inapima joto na uchachu wa mfuko. Kila mwenye mfuko anayo.”

“Wenyewe wanajua?”

Alitikisa kichwa kukataa.

“Kama inapima uchachu, mlijua tangu jana kwamba anaungua.”

“Makao makuu walijua. Sisi wa kliniki hatuletewi taarifa za wagonjwa, mama. Tunaletewa za waliokufa tu, ili tukachukue mfuko. Nimeandika barua mara tatu kuomba za walio hai. Naapa, mara tatu.”

Nilimwamini, na sikutaka kumwamini. Nilikuwa nimepata nilichokuja kukitafuta. Nilikuwa na gololi mkononi na neno la kuwaambia watu. Ningeweza kukifunga kifuniko pale pale.

Lakini mkaguzi hafungi tumbo kabla ya kuchota. Ni mazoea tu, mkono ulijiendea wenyewe. Nilichota bakuli moja kutoka chini kabisa ya chumba kikubwa, nikalimimina kwenye chujio la chai. Maji yalikuwa ya kijivu, yenye utelezi kama maziwa yaliyoharibika. Juu ya chujio yakabaki mabua machache, na katikati ya mabua, chenga nyekundu. Nilizisugua kati ya vidole. Zilikuwa za mtama.

Tabibu alizisogezea tochi.

“Alikula nafaka?” akaniuliza.

“Nani ana nafaka siku hizi?” nikasema.

*

Mimi ndiye niliyekuwa na nafaka.

Jumapili, siku mbili kabla Ainea hajafa, ilikuwa kumbukumbu ya mama yetu, miaka miwili. Wiki moja kabla, nilipokuwa nikibomoa ukuta wa chumba chake cha ndani uliotitia, nilikuta kihenge kidogo kimezibwa kwa udongo. Mama, aliyekataa mfuko hadi mwisho, alikuwa amekificha miaka yote hiyo, na alikuwa amekufa kwa njaa akiwa amelala mita mbili kutoka hapo. Mtama mwekundu, mkavu, haujaguswa na fukusi wala dumuzi. Nililia, kisha nikausaga wote. Nilimwita Ainea peke yake, kwa sababu tulikuwa tumebaki wawili. Nilisonga ugali sufuria nzima. Alipouona alishika mlango.

“Dada,” akasema, “umeiba wapi?”

“Kwa mama.”

Alikula sinia zima. Alikula kwa mkono, akikandika matonge na kufumba macho, na kati ya tonge na tonge alikuwa akicheka peke yake. Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi vile. Alipoondoka nilimpa ndoo ya unga uliobaki, ampelekee Yunisi.

Miaka kumi na tisa machinjioni! Nimewakuta ng'ombe wangapi waliovunja ghala wakajishindilia mahindi, wakafa siku ya pili wakiyumba kama walevi, na ndani yao harufu ile ile? Kijana wa mwaka wa kwanza wa kazi angelijua hilo. Mnyama aliyezoea majani ukimpa nafaka nyingi ghafla, vijidudu vya majani hufa, vya uchachu huzaana, na tumbo hujipika lenyewe. Nililijua kama ninavyojua jina langu. Lakini aliyeketi mbele yangu na sinia alikuwa ndugu yangu. Nilimwona mtu. Sikumwona ng'ombe.

“Kwa nini hamkuwaambia kuhusu nafaka?” nikamuuliza tabibu. Sauti yangu ilinitoka kwa hasira, kana kwamba ni yeye aliyesonga ugali ule.

“Uji wa pakiti tunaowagawia, tuliwaambia waunyonye kwa mrija.”

“Waliambiwa ni kwa ajili ya usafi.”

“Sio usafi.” Alipitisha kidole hewani, kutoka kooni kwenda chini. “Kuna mfereji juu ya mfuko, kama wa ndama. Ndama akinyonya, kingo zake mbili hukunjana zikawa bomba, maziwa yakapita juu juu mpaka kwenye tumbo la kweli. Mtu akinyonya kwa mrija, inakuwa vivyo hivyo. Chakula cha wanga kinapita salama. Akila kwa mkono, mfereji unabaki wazi, kinadondoka mfukoni. Kulikuwa na ukurasa mzima juu ya nafaka kwenye mwongozo wao. Ukaondolewa. Walisema tusiwatie watu hofu, na kwamba nafaka yenyewe haipo.”

Nilisimama pale na chujio mkono wa kulia na gololi mkono wa kushoto.

Nataka kuandika sawasawa nilichokiwaza, kwa sababu kila ninapokisimulia kwa mdomo najipunguzia. Niliwaza kwamba Mpango una hatia. Uliwadanganya watu, ukawatia kitu matumboni bila kuwaambia, ukamtazama Ainea akiungua siku moja na nusu na haukutuma hata mtu. Yote hayo ni kweli. Nikiwaonyesha watu gololi na kunyamaza juu ya chenga, sitakuwa nimesema uongo hata neno moja. Niliwaza pia juu ya Yunisi, atakavyonitazama. Niliwaza kwamba mtama ulikuwa wa mama, na kwamba nikisema, mama naye nitakuwa nimemtia ndani ya jambo hili.

Halafu nikawaza juu ya huyu kijana, watakachomfanya. Hilo lilikuja mwisho kabisa. Ndivyo lilivyokuwa.

Nilizikung'uta chenga kwenye ndoo ya maji machafu. Tabibu aliniona. Akazima tochi yake, nami nikabaki na shaka: je, amenielewa? Ataniumbua?

“Sema, mkaguzi,” Lameki akasema, akigeuka.

Nikainua gololi.

*

Sikuhitaji kuongeza neno. Lameki aliichukua, akatoka nayo uani akiiinua juu ili kila mtu aione taa inavyowaka. Mwanamke mmoja akajishika ubavu wa kushoto, na wote wakajishika ubavu, wakijipapasa kama watu walioambiwa wana nyoka nguoni.

“Wametutia mawe!” Lameki akapaza sauti. “Dada Damari kaitoa kwa mkono wake! Ndiyo maana walijua kabla ya mchungaji! Inapiga simu kwao tukifa! Tunahesabiwa kama mbuzi, na siku wakitaka ngozi wanajua pa kuja!”

Walimkamata tabibu. Hawakumpiga bado. Walimvua koti, wakamketisha chini, na mtu akaenda kutafuta kamba. Mwingine alikwisha kuwa ndani ya gari, anatupa nje masanduku ya uji wa pakiti na mirija, na watu wanaikanyaga. Ambakisye alinitazama mara moja tu. Hakuniomba. Alinitazama kama mwanafunzi anavyomtazama mwalimu anayejua jibu.

Nilisogea mpaka kwenye ukuta nikaegemea. Nilijiambia nitasema baadaye, watakapotulia, faraghani, kwa Lameki peke yake. Nilikuwa bado najiambia hivyo nilipohisi mkono begani. Yunisi. Macho yake yalikuwa yamevimba, na usoni alikuwa na unga.

“Wifi, asante,” akasema. “Angalau tumejua. Njoo ukae, hujala tangu asubuhi. Watu wametembea mbali, nimeona aibu kuwapa nyasi siku ya msiba wa mume wangu. Nimesonga ule unga wako wote.”

Nyuma yake, chini ya kibanda cha jikoni, wanawake wawili walikuwa wakiteremsha sufuria kubwa la shughuli. Mvuke ulipanda. Watu waliokuwa wakikanyaga mirija waliacha, wakageuza pua. Miaka sita. Kulikuwa na watu thelathini na saba pale uani, na ukiniondoa mimi na tabibu, kila mmoja alikuwa na mfuko.

“Wifi, usiwape.”

“Nini?”

“Ugali ndio uliomuua Ainea. Wangu. Wa Jumapili. Nimekuta mtama tumboni.”

Alinitazama kana kwamba nimeongea lugha nyingine.

“Lameki!” nikaita. “Shemeji, gololi haikumuua! Ni nafaka! Nafaka ikiingia kwenye mfuko inageuka asidi. Muulizeni tabibu!”

“Tumuulize nani?” Lameki akasema taratibu. “Huyu?”

“Nilikuta chenga nikazimwaga. Niliogopa.”

Akanisogelea. Alinitazama mikono, kisha akamtazama tabibu, kisha mimi tena.

“Mlinong'ona sana mle ndani,” akasema. “Nilisikia. Sikusikia maneno, lakini minong'ono niliisikia. Amekuahidi nini, dada? Mfuko?”

“Sikiliza, Lameki...”

“Umeinua jiwe lao kwa mkono wako. Sasa chakula kimeiva, wewe mwenye tumbo moja unatuambia tusile. Ugali unaua! Bibi zetu walikufa kwa ugali, sio?”

Watu walicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, lakini kicheko. Ambakisye, akiwa chini, alipaza sauti, “Mama anasema kweli! Wapeni kwa mrija, uwe uji mwepesi!” Mtu akamziba mdomo kwa koti lake mwenyewe. Na mirija ilikuwa imekanyagwa yote.

Wanawake walianza kupakua. Sinia la kwanza lilikuwa tayari, na wazee wawili walikuwa wananawa.

Sikukimbia. Nilitembea, nikidhani watanizuia, lakini nani anamzuia dada wa marehemu asisogelee chakula? Walinipisha. Nilishika sufuria masikio yote mawili bila kitambaa, nikalipindua.

Ugali ulitoka mzima, mwekundu, ukaanguka vumbini kwa kishindo kidogo. Nikalichukua na sinia, nikalimwaga juu yake. Kisha nikapiga magoti na kuupondaponda kwa magoti na viganja, nikauchanganya na majivu na mchanga, mpaka ukawa matope. Nilikuwa nikiungua na sikuhisi. Nilisikia uani hakuna sauti. Nadhani kama ningemchoma mtoto kisu wasingenyamaza vile.

Kisha wakaja. Sikumbuki nani alinipiga kwanza. Nakumbuka teke la mgongoni na mtu akilia, analia kweli, akisema, “Unga! Unga!” Nakumbuka nikijikunja juu ya ule ugali nikiufunika kwa tumbo langu, ili asipate mtu hata donge.

Waliponivuta pembeni, Yunisi alikuwa amechuchumaa mbele yangu. Hakunipiga. Alinyoosha mkono taratibu, akachota tonge moja kutoka kwenye yale matope, akalifinyanga, akaondoa kijiti kwa kucha. Alikuwa akinitazama machoni.

“Alilala kitandani kwangu Jumapili usiku,” akasema, “akinisimulia jinsi ulivyokuwa mtamu. Hakuacha kusimulia. Mume wangu hakufa kwa hiki.”

Akalitia mdomoni.

Tonge moja lisingemwua. Hilo nalijua, na nililijua pale pale. Lakini nilijitupa juu yake, nikamshika taya kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia nikaingiza vidole viwili kinywani mwake, kama unavyomtoa mtoto mchanga jiwe. Aliniuma. Aliuma kwa nguvu zake zote, meno yakafika mfupani, na mimi nikaendelea kuzungusha kidole shavuni, chini ya ulimi, nyuma ya magego, mpaka mtama wote ulipotoka, na damu yangu pamoja nao.